Ndugu yako ana uvimbe kwenye ubongo na anashikwa na degedege: sisi nyumbani tunafanya hivi

Kaka yangu ni fundi cherehani, na kwake haikuanza kwa kuanguka. Kilianza kidole gumba cha mkono wa kulia, akiwa anapitisha nguo kwenye mashine kinarukaruka chenyewe, kinafuata cha shahada, afu mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, dakika moja hivi kinaacha. Yeye akasema uchovu, sisi tukasema mishipa, shemeji akawa anampaka dawa ya kuchua kila jioni. Tukaenda hivyo karibu miezi minne mpaka asubuhi moja akaanguka kabisa pale pale kwenye mashine, akapigwa picha za kichwa, CT kwanza, baadae MRI, ikaonekana uvimbe mbele upande wa kushoto.

Mimi sio daktari, nimekaa na mgonjwa tu, na kuna mambo natamani mtu angeniambia mwezi wa kwanza. Kubwa ni hili: daktari haoni degedege. Mgonjwa anafika kliniki kavaa shati safi, kakaa kwenye kiti, anaongea vizuri, na lililotokea juzi saa nane za usiku limeshapita, aliyeliona ni wewe peke yako. Kwa hiyo ukiona vibaya au ukisahau, daktari naye anatibu kwa kubahatisha. Karibu kila ninachoandika hapa kinarudi hapo. Dozi sitaandika, dozi ya mtu anapanga daktari wake.

Degedege lenyewe likoje

Wengi wakisikia degedege wanamuwaza mtoto mwenye malaria, na wakisikia kifafa wanamuwaza mtu chini, povu, mwili mzima unatikisika. Mwenye uvimbe mara nyingi linaanzia sehemu moja kwa sababu shida yenyewe iko sehemu moja. Uvimbe ukiwa karibu na pale panapoendesha mkono, mkono ndo utacheza. Ukiwa pembeni, usawa wa sikio, mtu anaweza kusikia harufu ya kitu kinaungua na hamna kinachoungua, au kitu kinampanda kutoka tumboni kuja kifuani, au anaona kama hili jambo lilishawahi kumtokea, kisha anakodoa macho, anatafunatafuna, anachezea kifungo cha shati na ukimwita haitiki. Ukiwa nyuma ya kichwa anaona mianga. Na kuna la kukata maneno tu, anakusikia, anakuelewa, ila neno halitoki. Hilo lilitusumbua sana kwa sababu mama alijua kaka kanuna, na mama akishajua umenuna na yeye ananuna.

Saa zingine linaishia hapo hapo padogo. Saa zingine linasambaa ubongo mzima ndo mtu anaanguka. Yale madogo msiyadharau, nayo ni degedege na nayo yanahesabiwa.

Kitu kingine ambacho watu hawakitegemei, uvimbe unaokua taratibu ndo unaleta degedege zaidi kuliko ule mkali. Zile glioma, yaani uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe, za daraja la chini, watu kama 6 mpaka 8 kati ya 10 wanapata. Glioblastoma ambayo ndo kali kuliko zote ni kama 3 mpaka 6 kati ya 10. Meninjioma, ule unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, kama 3 kati ya 10 kabla ya upasuaji. Wanaeleza kwamba uvimbe wa taratibu unapata muda mrefu wa kuzichokoza seli zilizo jirani. Nalisema hili kwa sababu kila kaka aliposhikwa nyumba nzima ilikuwa inalia kwamba uvimbe umekua, na mara nyingi sababu ilikuwa dawa imerukwa au malaria. Yakiongezeka bila sababu inayoeleweka, hapo ndo daktari anaweza kutaka picha nyingine.

Na kabla hamjaanza kugawana msiba, hakikisheni uvimbe umejulikana ni wa nini. Huku kwetu kinachoonekana kama uvimbe kwenye picha kinaweza kuwa TB ya ubongo, au mabuu ya mnyoo tegu wa nguruwe, au maambukizi kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, na hivyo vyote vina dawa zake.

Likianza

Tazama saa. Hata hujamgusa, tazama saa, au bonyeza saa ya simu ianze kuhesabu. Dakika moja ya degedege ukiwa umesimama pale ni kama kumi, na siku ya kwanza sisi tulimwambia daktari limechukua nusu saa, baadae jirani aliyekuwa anasikiliza taarifa ya habari redioni akatuambia hata habari za michezo zilikuwa hazijafika.

Afu ondoa vya kumuumiza, jiko, stuli, mkasi, chupa. Weka kitu laini chini ya kichwa, kanga iliyokunjwa inatosha. Legeza kola, vua miwani. Mlaze ubavu mara tu mwili unaporuhusu ili mate yatoke nje yasirudi kooni. Usimshike kwa nguvu kuzuia kutikisika, halitaacha kwa sababu umemkalia, utamtegua bega tu.

Mdomoni usiweke kitu. Sio kijiko, sio kitambaa, sio kidole chako. Siku ile ya kwanza jirani mmoja, mtu mwema kabisa na alikuja mbio kusaidia, alimkandamiza kijiko katikati ya meno ili eti asimeze ulimi. Ulimi haumezeki. Jino la mbele likavunjika, tukawa na kazi ya kutafuta kipande kiko wapi, maana kingeshuka kwenye njia ya hewa ingekuwa balaa lingine. Ulimi aliouuma ulipona wiki ile ile, jino halijarudi mpaka leo. Maji ya kumwagia, kitunguu cha kunusisha, vyote waambie asante wakae pembeni. Na povu ni mate tu, haliambukizi, mtu asiogope kumgeuza ndugu yake kwa sababu ya povu.

Likiwa dogo la kukodoa macho na kutangatanga, hata kumlaza hamna haja. Simama kati yake na hatari, mwelekeze taratibu mbali na moto au barabara, ongea kwa sauti ya chini, subiri. Ukimvuta kwa nguvu anaweza kukusukuma na wala hajui anachofanya.

Mkiwa wawili, mmoja arekodi na simu. Najua inaonekana kama kukosa adabu, shemeji mwanzoni aligoma kabisa akasema hawezi kumpiga picha mume wake katika hali ile, ila ile video ya sekunde arobaini ilimwambia daktari zaidi ya maneno yetu ya mwezi mzima. Anza na mwili mzima, afu sogea usoni, macho yanaangalia upande gani, mkono upi ulianza, na muulize huku unarekodi, "Kaka unanisikia? Inua mkono wa kushoto." Akijibu au asipojibu, vyote ni taarifa.

Akitulia bado usimpe kitu. Maji, chai, kidonge, vyote visubiri mpaka awe macho kabisa, akutajie jina lake na mahali alipo. Atakuwa na usingizi, atakuwa hajielewi, pengine mkojo umemtoka na ataona aibu, mfunike kanga kabla watu hawajajaa. Kaa naye.

Dakika tano

Degedege nyingi zinaacha zenyewe ndani ya dakika moja mpaka tatu. Likifika dakika tano hilo sio la kusubiri tena, linakuwa gumu kuacha lenyewe na linaweza kuudhuru ubongo. Ndo maana nilianza na saa.

Kuna dawa ya dharura ya kukaa nayo nyumbani, diazepamu ya kuingizwa njia ya haja kubwa, au midazolamu ya kuwekwa kati ya shavu na fizi kwa mnaoipata. Muulizeni daktari wenu mapema kama mgonjwa wenu anafaa kuwa nayo, mwambieni awaandikie kwenye karatasi kiasi gani, dakika ya ngapi, na kama inaruhusiwa kurudiwa, na mkiwa bado pale kliniki nesi awaonyeshe kwa mkono. Ukishampa angalia anavyopumua, dawa hizi zinaweza kupunguza pumzi, usirundike nyingine juu yake kwa hofu. Na ikae mahali kila mtu wa nyumbani anapajua. Sisi ilishawahi kuwa kabatini, kabati limefungwa, funguo iko kwenye mkoba wa shemeji na shemeji yuko kazini. Siku hizi iko kwenye kopo la Blue Band juu ya friji, na karatasi imegundishwa ubavuni.

Kuhusu kwenda hospitali, tunaondoka bila kujadiliana kama limefika dakika tano, kama yamefuatana mawili katikati hajazinduka, kama anapumua kwa shida au midomo imebaki ya bluu, kama kaumia kichwa au kaangukia majini, kama ana homa, kama ni mjamzito au ana kisukari, kama ndo mara ya kwanza maishani, au kama limekuja tofauti na alivyozoea. Pia kama kichwa kinauma kuzidi siku zote na anatapika hasa asubuhi, au anazidi kuwa mzito wa kuamka, hapo inaweza kuwa uvimbe umevimbisha ubongo na inataka kuangaliwa haraka. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji, angalia na kidonda kama kinatoa maji au usaha. Namba ya dereva wa bajaji anayelala mtaani kwenu iwe kwenye simu za wote. Bajaji au taksi, sio bodaboda, mtu hajazinduka vizuri mnampakiza mishikaki katikati yenu, likirudi njiani mnaanguka wote watatu.

Likishaacha, upande uliokuwa unatikisika unaweza kulegea kabisa, mkono haunyanyuki, ulimi mzito, kwa masaa na saa zingine siku moja au mbili. Kaka mara ya kwanza alilegea mkono kuanzia mchana mpaka usiku na wote tukajua kapooza. Ukarudi. Ila wewe usikae nyumbani kuamua mwenyewe kwamba utarudi, kiharusi na damu kuvuja kwenye uvimbe vinafanana na hali hiyo, mara ya kwanza lazima aonekane, na hata kama mmeshazoea, ukichelewa kuliko kawaida yake nendeni.

Dawa, na hapa ndo pana mambo mengi

Swali la kwanza, je kila mwenye uvimbe anywe dawa ya degedege? Hapana. Mwaka 2021 vyama vya wataalamu wa uvimbe wa ubongo vya Amerika Kaskazini na Ulaya vilitoa mwongozo wa pamoja, kwamba mtu ambaye hajawahi kushikwa hata mara moja hana haja ya kukaa kwenye dawa hizi kwa muda mrefu eti kwa kujikinga. Wakati wa upasuaji daktari anaweza kumpa kwa siku chache, afu anaachishwa. Ila aliyeshashikwa, hata mara moja tu, kwa kawaida anaanzishwa, kwa sababu chanzo bado kiko kichwani.

Dawa ambayo madaktari wengi wa uvimbe wanaipenda ni levetirasetamu, wengi wanaijua kama Keppra. Sababu ni kwamba haigombani sana na dawa zingine, na mgonjwa wa uvimbe ana rundo la dawa zingine. Ubaya wake ni hasira. Kaka yangu ni mtu mpole, mtu wa kuchekacheka na wateja, wiki ya pili ya dawa akamrushia mwanafunzi wake futi kamba kwa sababu ya pindo. Nyumbani tukaanza kusema uvimbe umemharibu tabia, kumbe tungeandika tarehe ya kuanza dawa na tarehe ya hasira tungeona zinaongozana. Usimwachishe mwenyewe, mwambie daktari, anaweza kupunguza au kubadilisha. Na kama hasira imegeuka kuwa huzuni, anaongea habari za kufa, hilo sio la kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, hii ya mwisho wengi mnaiita Tegretol, ni za siku nyingi, bei iko chini, kwenye vituo vingi ndo zipo, na zinazuia degedege vizuri tu. Ishu ni kwamba zinalifanya ini lichape kazi kupita kiasi na kuzifagia dawa zingine kabla hazijafanya kazi yake. Deksamethasoni, ile deksa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, inashuka nguvu. Baadhi ya dawa za saratani zinashuka. Vidonge vya majira na kijiti cha uzazi wa mpango vinashuka, mtu anajikuta mjamzito katikati ya matibabu. Dolutegravir iliyo ndani ya TLD, kile kidonge cha ARV, inashuka, kwa hiyo anayetumia ARV lazima wote wawili wajue, CTC, yaani kliniki ya VVU, na daktari wa kichwa, kila mmoja aone cheti cha mwenzake. Hata dawa mseto ya malaria inapungua. Sisemi mzikatae, kama ndo iliyopo ni bora kuliko kukaa bila kitu, nasema daktari aone orodha yote, hata zile mnazoona aibu kuzitaja.

Valproeti, ile Epilim, ni nzuri kwa wengine ila kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni, na inaweza kushusha chembe za kugandisha damu, kwa hiyo anayesubiri upasuaji au yuko kwenye kemo, yaani dawa za saratani, damu yake ipimwe.

Dawa zote hizi haziachwi ghafla. Siku tatu mgonjwa hajashikwa mtu anasema kapona, kumbe dawa ndo imelizuia. Zikibaki za wiki moja ndo muda wa kwenda kununua, sio vikibaki vidonge viwili, maana kuna wiki duka zima la dawa wanakwambia hamna, jaribu kesho. Akisahau dozi anywe akikumbuka, ila kama ya pili imekaribia aache iliyopita, asimeze mbili pamoja. Vidonge vinavyotoa dawa taratibu havisagwi wala kutafunwa, akishindwa kumeza uliza kama kuna ya maji, levetirasetamu ya maji ipo.

Kutapika kwenye kemo kulitutesa. Anameza saa moja, saa moja na robo kaitoa, sasa imeingia au haijaingia? Daktari wetu alituambia tukikiona kidonge kwenye matapishi turudie, tusipokiona na muda umeshaenda tuache tumpigie simu. Na dawa ya kuzuia kutapika ikatangulia mbele kama nusu saa. Ulizeni wenu atawaambia nini, muhimu muulize kabla hajaanza kutapika.

Deksa nayo ina mambo yake. Inaondoa usingizi, kwa hiyo kama mmeruhusiwa inywewe asubuhi na mchana, sio usiku, maana mtu asiyelala anashikwa. Inapandisha sukari, na sukari ikipanda sana au kushuka sana nayo inaleta degedege, basi sukari ipimwe mara kwa mara. Na aliyeitumia wiki kadhaa hakati ghafla, anashushwa kidogo kidogo.

Upasuaji wenyewe pia ni dawa ya degedege, uvimbe ukitoka mwingi au wote wengi wanapata nafuu kubwa, na mionzi kwa wengine inasaidia. Ila siku za karibu na mionzi ubongo unaweza kuvimba kidogo na degedege zikaongezeka kwanza, msikate tamaa wala msikatishe, semeni pale pale kwenye chumba cha mionzi.

Dawa za asili sitaki ugomvi na mtu. Mama aliletewa chupa mbili kutoka kijijini na hatukumvunjia heshima, tulimwambia daktari, na sharti lilikuwa moja tu, vidonge haviachwi.

Vinavyoliamsha

Dozi iliyorukwa ndo namba moja. Ya pili usingizi. Msiba wa mjomba tulikesha siku mbili, siku ya tatu kaka akashikwa mara tatu. Mkesha wa maombi, harusi, mpira wa ligi ya Ulaya saa nne usiku, vyote aende ila akalale. Ramadhani ikifika, dozi mbili zinaonekana kama zinakaa vizuri futari na daku, ila usingizi ndo unaokatika, na mwenye uvimbe ni mgonjwa, ana ruhusa, aongee na daktari wake na shehe wake kabla mwezi haujaandama.

Homa yoyote, pimeni malaria siku ile ile. Pombe, hasa nyingi kwa mkupuo na hasa siku inayofuata baada ya kuacha. Na dawa za kununua dirishani bila cheti. Tramado, ambayo siku hizi inauzwa kama pipi kwa kila mwenye maumivu, inamsogeza mtu karibu na degedege. Cipro, ile antibayotiki, nayo inaweza. Mefloquine ya malaria haimfai. Kichwa kikiuma panadol ya kawaida inatosha kuanzia, ikishindwa hiyo ni habari ya daktari, sio ya kuongezea kali zaidi. Kaka sasa akiingia duka la dawa sentensi yake ya kwanza ni "mimi nina kifafa", hata kabla ya shikamoo.

Nyumbani na kazini

Moto na maji ndo vinavyoua na kuunguza, degedege lenyewe mara nyingi linapita. Jiko la mkaa lisiwe chini katikati ya njia, na mgonjwa asipike peke yake. Bafuni asifunge komeo, aweke kanga mlangoni watu wajue kuna mtu, aoge amekaa kwenye stuli ya plastiki na maji yawe kwenye ndoo, sio beseni kubwa. Kisimani asiende peke yake. Baharini hata kama alikuwa bingwa wa kuogelea, sasa ni mpaka magotini na mtu pembeni. Kitanda cha juu hapana, godoro liwe chini au kitanda kifupi. Gari na pikipiki asiendeshe mpaka daktari aseme, na hili wanaume ndo linawauma kuliko uvimbe wenyewe.

Kazi msimnyang'anye. Kaka alitaka kuuza mashine, tukakaa naye tukaangalia kipi hasa cha hatari. Cherehani la miguu halina shida, mguu ukisimama na lenyewe linasimama. Pasi ya mkaa ndo hatari, basi kunyoosha ni kazi ya yule yule mwanafunzi aliyerushiwa futi kamba. Kukata kitambaa anakata asubuhi, mtu akiwepo. Majirani wa fremu tatu za karibu tuliwaita tukawaonyesha cha kufanya, dakika kumi tu, na tukawaambia tafadhali vijiko wabaki navyo.

Kama ugonjwa umefika mahali mgonjwa hawezi tena kumeza, degedege hazitulii kwa sababu tu kalala kitandani, na hamtakiwi kukaa tu mkimwangalia bila kumsaidia. Ulizeni mapema kabla hamjafika huko, kuna dawa za njia ya haja kubwa, za shavuni, za chini ya ngozi, na watu wa tiba shufaa, ile huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wanaijua hii kazi.

Daftari

Nunueni kaunta buku. Sio karatasi, karatasi inapotea. Sisi tunaandika tarehe, saa, limeanzia wapi, dakika ngapi, alikuwa anasikia au hasikii, baada yake ikawaje, dozi ya mwisho alikunywa saa ngapi, alilala masaa mangapi, kuna homa au hamna. Mfano mmoja ulivyo kwenye daftari la shemeji: "Jumanne, saa 3 kasoro asbh, kidole gumba kulia mpaka bega, dk 2, anasikia haongei, mkono mzito mpaka saa 5, dawa ya usiku saa 1, kalala vizuri, homa hamna." Mstari mmoja, na mwandiko wa kalamu inayokaribia kuisha.

Kliniki mnabeba daftari, video, na maboksi ya dawa zote, yenyewe sio majina kichwani. Daktari ana dakika chache na nje kuna benchi limejaa, kwa hiyo sentensi ya kwanza iwe ya hesabu. Ukisema "hali sio nzuri daktari" ataongeza dozi. Ukisema "mwezi uliopita sita, mwezi huu tano, zote mkono wa kulia, hajaanguka" hapo ana kitu cha kufikiria.

Mwaka jana ilibaki hivyo, tano, sita, tano, hazishuki, na sisi tulishajiandaa kuongezewa dawa na tulishaanza kuogopa hasira. Daktari akachukua daftari la shemeji, akasoma ukurasa, akarudi nyuma kurasa mbili, akaanza kupigia mstari safu ya saa. Saa mbili na nusu, saa tatu, saa tatu kasoro, saa tatu na nusu, zote asubuhi. Akauliza dawa ya usiku anakunywa saa ngapi, tukasema saa moja usiku, taarifa ya habari ikishaisha. Na ya asubuhi? Shemeji akamwangalia kaka. Kaka akasema saa nne, akishafungua fremu na kuagiza chai. Daktari akahesabu kwa vidole, kutoka saa moja usiku mpaka saa nne asubuhi, masaa kumi na tano, na dawa ilikuwa ya kila baada ya masaa kumi na mbili. Hakuongeza kidonge hata kimoja. Aliandika kwenye daftari letu, kwa kalamu nyekundu, saa 1 asubuhi, kabla hajatoka nyumbani.